Eti Wazungu Hawakaribishi Wageni

"Siku ya nne leo! Hajakuonyesha hata mlango wa kwake?"

"Mama, punguza sauti. Anasema ndivyo walivyo huku Ujerumani. Mgeni anakaa gesti, mnakutana mgahawani. Kwenda nyumbani kwa mtu ni kumkosea adabu."

Mama Nosim alisimama uani kwake pale Lemara, simu sikioni, mikono imejaa unga, masikio yanawaka moto kwa hasira. Huyo Gadiel mzungu tangu lini? Mtoto wa Kikatiti huko Meru! Alipokuja kuchumbia alikalishwa kiti cha marehemu baba Nosim, akala loshoro ya mahindi na mtindi bakuli mbili, ukamchuruzikia mpaka kwenye tai. Ndoa Desemba. Nosim alipogoma kuolewa bila kuona anakoenda kuishi, ndipo Gadiel akamwita huko Ujerumani anakoishi.

"Na unakula nini huko?"

"Mkate. Chumbani."

"Mkate! Ile kahawa ya shambani niliyokufungia ipo?"

"Ipo."

"Ibebe. Anwani yake si iko kwenye barua ya viza? Nenda kagonge. Na simu usiikate!"

Mama akasikia viatu vikipanda ngazi. Kengele. Mlango.

"Wifi! Karibu!" Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kuokoteza. "Mimi Anna, mke ya Gadiel. Ingia, kula! Kila siku naweka sahani yako mezani."

"Sahani yangu?"

"Ndiyo. Gadiel anasema kwenu Meru dada haingii nyumba ya kaka yake mpaka ndoa imalize mwaka moja. Mimi nalia! Wifi yangu analala gesti, na sisi chumba iko!"

Mama Nosim alishika ukuta.

"Dada Anna," Nosim akasema, "mimi si dada yake. Mimi ni mchumba wake."

Sahani ikapasuka huko. Kisha sauti ya Gadiel:

"Nosim! Nani kakwambia uje bila kupiga simu?"

"Mimi!" Mama Nosim alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Mimi nimemtuma, mbwa we! Huku unawasingizia wazungu uchoyo, huko unatusingizia sisi mila za ajabu! Mama yako alikufundisha kumficha mgeni?"

Simu ikakatwa.

Siku tatu zilizobaki Nosim alilala kwa Anna, akapikiwa supu, wakalia pamoja. Gesti alikwenda Gadiel.

Kina mama wenzangu, mtoto akikwambia "ndivyo walivyo huko", muulize kaambiwa na nani. Akikwambia ni bwana, usilale.

Wiki ya tatu, Gadiel huyo, Lemara, suti mpya.

"Shikamoo, mama."

Mama Nosim aligeuka. Aliingia jikoni, akatoka na bakuli la loshoro.

"Kula."

Akala haraka haraka, uso ukimchangamka. Alidhani yameisha.

"Mama, Anna kanifukuza. Nilikosea, nakiri. Lakini Nosim ndiye ninayempenda, na kanisani majina yetu ya ndoa bado yapo..."

Nosim akatoka ndani, akachukua bakuli tupu.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mpenzi wangu."

"Vizuri. Usije ukaenda kusema na sisi hatukaribishi wageni."

Akafungua geti, akalishikilia wazi.

"Sasa toka."