Mgonjwa Huyu Hayupo

"Shika hapo, usiachie," alisema mwanamke mwenye blauzi ya kijani, akamkabidhi mtu asiyemjua ncha ya uzi mwekundu. Mwenyewe alikuwa juu ya kiti, viatu amevivua, akiubana mwanzo wa uzi huo kwa pini kwenye kadi ya timu yake ya Miadi.

Ukumbi ulikuwa na watu hamsini, na wote walizungumza kwa pamoja. Walikuwa timu tano zinazotengeneza mfumo mmoja wa kompyuta kwa ajili ya hospitali, na kila baada ya wiki kumi walikutana kupanga kazi ukutani. Kazi iliyoingoja kazi ya timu nyingine ilifungwa uzi mwekundu. Uzi huu ulitakiwa ufike kwenye kadi ya timu ya Usajili.

"Niushike mpaka lini?" aliuliza mwanamume. Shati lake la buluu lilipigwa pasi vizuri, ila kifungo cha shingoni kilikuwa cha rangi nyingine.

"Mpaka nimpate mtu wa Usajili."

"Ni mimi."

Alimtazama kutoka juu. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, dada. Umeniamrisha tu."

Alicheka mpaka kiti kikayumba, na mwanamume akakishika kwa mkono uliobaki.

Mwanamke huyo wenzake walimwita Bi Makosa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujaribu programu na kutafuta zilipokosea. Mwanamume walimwita Taratibu. Aliandika programu kwa vidole viwili, lakini kazi yake ilikuwa haijarudishwa hata mara moja. Mwezi haukuisha, wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula, laazizi?" aliuliza Taratibu.

"Nimekula. Namba ya mgonjwa mnaibadilisha lini?"

"Hata hujaniuliza kama mimi nimekula."

"Vyote unasahau, ila tumbo hulisahau kamwe. Mnaibadilisha lini?"

Ndivyo mapenzi yao yalivyokua, na ndivyo timu mbili zilivyokwenda pamoja. Kupeleka habari kutoka timu hii hadi ile kulikuwa kazi ya mratibu, mama mmoja mpole mwenye daftari, aliyezipitia timu zote kila Alhamisi. Lakini habari za Usajili zilifika Miadi kabla yake, na hakuna aliyejiuliza zilipita wapi.

Aliyechoka kwanza ni Bi Makosa mwenyewe.

"Tukitembea, namba ya mgonjwa. Tukila, namba ya mgonjwa. Hivi mimi nina mpenzi au nina ripoti?"

"Unataka nini, kipenzi?"

"Kwangu kazi isiingie. Ukiitaja tu, unaosha vyombo wiki nzima. Niahidi."

Akaahidi.

Jumatano moja mchana, timu ya Usajili iliamua kwamba namba ya mgonjwa, iliyokuwa irefushwe kutoka tarakimu nane hadi kumi, ibaki nane kwanza, kwa sababu timu ya Maabara haikuwa tayari. Jioni Taratibu alikwenda kwa mpenzi wake. Alimkuta amevaa gauni la njano, nywele amezifunga kitambaa, meza imeandaliwa. Neno lilimfika kooni. Alilimeza. Kesho ni Alhamisi, aliwaza, mratibu atawaambia.

Alhamisi mratibu hakuja kazini. Mtoto wake alikuwa na homa.

Ijumaa, katika kuwaonyesha wakubwa wa hospitali mfumo unavyofanya kazi, Bi Makosa aliandika namba ya mgonjwa wa kwanza, tarakimu kumi. Kioo cha kompyuta kikajibu: Mgonjwa huyu hayupo. Akaandika ya pili. Hayupo. Aliandika ishirini.

"Kumbe tumewaponya wote," alisema daktari mmoja, na ukumbi ukacheka. Bi Makosa alikuwa akihesabu tarakimu.

Alimkuta Taratibu kwenye ngazi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatano mchana."

"Jumatano ulikula chakula changu, ukasifu mpaka chumvi. Na huku unajua?"

"Nilikuahidi, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi hapa."

"Wewe ndiye uliyetaka niahidi."

"Nilitaka jioni moja ya kwetu! Sikukuambia uniache nianguke mbele za watu."

Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo haikumsaidia hata mmoja.

Jumatatu timu ya Miadi ilivunjwa. Watu wake waligawiwa timu nyingine, na Bi Makosa akapangiwa kukaa kwenye ofisi za hospitali, mji mwingine, safari ya saa nyingi kwa basi. Mwaka mmoja. Taratibu alikwenda kwa mkurugenzi.

"Kosa ni langu, bosi. Nipelekeni mimi."

Mkurugenzi alimvutia kiti. "Kijana wangu, tumelifuatilia. Kumwambia hakukuwa kazi yako. Mratibu alikuwa anauguza. Bi Makosa naye alifuata mpango uliokuwa ukutani. Hakuna mwenye kosa."

"Basi mbona anaondoka?"

"Timu tano zimetushinda kuendesha. Hospitali wanataka nne, na mtu mmoja akae kwao." Alilisema kwa upole kabisa. Angefoka, Taratibu angepata cha kubishana nacho.

Tangu ile Ijumaa, kwa siku sita Bi Makosa hakupokea simu. Siku ya saba alipokea.

"Nasikia ulikwenda kwa mkurugenzi."

"Nilikwenda."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Sijui nimkasirikie nani. Nimekukasirikia wewe kwa sababu uko karibu."

"Endelea. Mimi nipo."

"Kesho uje ofisini. Nimeambiwa nikukabidhi majaribio yangu. Keshokutwa saa nane mchana napanda basi."

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu, viti vimepandishwa juu ya meza. Majaribio yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Bi Makosa alieleza moja baada ya jingine, bega lake likigusa la mwenzake, na Taratibu akaandika kwa vidole vyake viwili.

"Nikuoe," alisema walipofika la tisini, macho kwenye kioo.

"Umekosea namba hapo. Rekebisha kwanza."

Akarekebisha.

"Sasa sema tena."

"Nikuoe."

"Ndiyo." Alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Ndiyo. Lakini tutakaa wapi? Wewe huku, mimi kule?"

"Sijui."

"Na mwaka ukiisha wakiniongezea?"

"Sijui, mpenzi."

"Angalau leo umeniambia mapema."

Saa kumi na mbili kasorobo mlinzi aligonga kioo cha mlango, akawaonyesha funguo. Walikuwa wamefika la mia na thelathini. Kila lililobaki lilikuwa limeandikiwa maelezo marefu, yaliyopangwa vizuri, na Taratibu angeweza kuyamaliza peke yake kwa kuyasoma tu. Wote wawili walilijua hilo.

"Haya yaliyobaki?" aliuliza.

"Kesho asubuhi," alisema Bi Makosa, akiifunika kompyuta. "Uje saa moja. Ni mengi."