Sauti ya Mwalimu wa Muziki

Kila siku saa nane na nusu mchana, spika ya uwanjani ilisema maneno yaleyale: "Wanafunzi, masomo yamekwisha. Tembeeni, msikimbie."

Ilikuwa sauti ya mwalimu wa muziki, aliyefariki mwaka uliopita. Kabla mama huyo hajaugua, mwalimu wa kompyuta alimrekodi akitamka maneno mengi, herufi zote na namba, akatengeneza programu ya kusoma matangazo kwa sauti hiyo. Neno isilolijua ililisoma herufi moja moja. Mume wa marehemu, ambaye ndiye mlinzi wa shule, aliitikia getini, "Haya mama, tumesikia." Wanafunzi walicheka, naye akacheka nao.

Jumatatu moja, tangazo lilikuwa limekwisha na wanafunzi wachache walikuwa wamebaki kufagia. Spika ikakoroma kidogo, kisha ikasema taratibu: "G. E. T." Ikanyamaza. "Tatu. Moja. Tatu. Moja. Tatu."

Mafagio yalisimama. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo, mwalimu wa kompyuta, alikuwa palepale uwanjani, mdomo wazi.

Jumanne sauti ilisema mara mbili. Jumatano ilisema katikati ya somo, kwa upole uleule iliotumia kufundishia nyimbo, na upole huo ndio uliotisha zaidi. Watoto wa darasa la pili walitoka mbio wakilia. Mwalimu wa kompyuta alikagua nyaya zote, asione kitu.

"Programu hii inasikilizana na mashine zetu wenyewe tu," alisema, akijikuna kichwa. "Mtu wa nje hawezi kuifikia."

"Basi nani anaongea?" aliuliza mwalimu mkuu. "Wazazi wamenijia juu. Hawataki tuizime tu, wanataka ifutwe kabisa. Ijumaa asubuhi uifute, turudi kwenye kengele."

"Mwalimu mkuu, hakuna nakala nyingine ya sauti ile."

"Najua. Unadhani nafurahi?"

Mazungumzo hayo yalisikiwa na msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye shule nzima ilimwita Kiherehere, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa kiongozi wa klabu ya kompyuta. Klabu ilitunza kompyuta tano zilizounganishwa zifanye kazi kama kundi moja. Kila programu iliishi ndani ya kontena lake, kama mpangaji chumbani, na kutoka nje hakuna aliyeweza kumfikia mpangaji huyo mpaka afunguliwe mlango wenye namba.

Kiherehere aliwahi kuufungua mlango wa programu ya sauti. Wiki tatu nyuma, rafiki yake alivunjika mguu, akawa analala nyumbani mpweke. Kiherehere alifungua mlango ili rafiki huyo, kwa simu ya mama yake, aandike "hamjambo" na spika iwasomee wenzake darasani. Darasa lilishangilia. Jioni ileile Kiherehere aliketi kwenye kompyuta ya kwanza, akauziba mlango, akajaribu kwa simu, ukakataa. Hakumwambia mtu. Moyoni alijiambia kwamba yaliyopita yamepita.

Alhamisi, akipita getini, mlinzi alimwita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo. Wewe macho yako bado mazima." Mzee alitoa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda. "Siku nne nimekaa chini ya spika, nimeandika kila anachosema. Kesho wanamfuta. Hebu nisomee, mke wangu anataka nini?"

Kiherehere alishika boksi. Herufi hazikuleta maana yoyote. Lakini katika kila mstari, namba zilijirudia: tatu, moja, tatu, moja, tatu. 31313 ilikuwa namba ya mlango wake. Aliichagua mwenyewe kwa sababu ni rahisi kukumbuka, na hakuna mwingine shuleni aliyeijua.

Alitamani kusema "sijui, babu" na kwenda zake. Angesema hivyo, kesho saa mbili sauti ingefutwa, na hakuna ambaye angemshuku. Mzee alikuwa anamtazama usoni, akingoja.

"Babu," alisema, machozi yakimlengalenga, "si yeye. Ni mimi. Twende kwa mwalimu."

Mwalimu wa kompyuta alimsikiliza mpaka mwisho. "Uliziba kwenye mashine ipi?"

"Ya kwanza."

"Mlango wa aina hii ukiufungua, unafunguka kwenye mashine zote tano, kwa namba ileile. Uliziba mmoja, ukaacha minne." Alifungua kumbukumbu za mashine ya tatu. Orodha ndefu ya anwani za kompyuta za mbali ilijaa kwenye skrini, na mstari mpya ukaongezeka wakitazama. Uwanjani sauti ikasema: "G. E. T."

"Hawa si watu," mwalimu alisema. "Ni programu zinazozunguka mtandaoni bila kuchoka, zikibisha hodi kila mlango. Wiki hii zimeufikia wetu, na programu yetu ilikuwa inasoma hodi zao: GET, yaani 'nipe' kwa Kiingereza, kisha namba ya mlango. Na mimi nina kosa, nilikuwa na uhakika sana hata sikutazama hapa. Haya, rudisha programu iwe ya ndani, ya mashine zetu tu. Wewe mwenyewe."

Kiherehere aliandika mstari mmoja. Spika ikanyamaza.

"Kwa hiyo hakuwa anasema kitu," mlinzi alisema.

"Hapana, babu. Nisamehe."

Mzee alikunja boksi lake taratibu. Ilikuwa wazi kwamba ameumia. "Afadhali kujua. Mjukuu wangu, mimi nafungua geti hili kila siku, si kosa. Lakini silifungui kimyakimya, na siondoki kabla sijazunguka uzio mzima. Ungesema siku ileile, nisingekaa juani siku nne. Ila umesema kabla hawajamfuta, na hilo sitalisahau."

Ijumaa mwalimu mkuu alielezwa yote. Kiherehere aliomba radhi mbele ya shule, akasimamishwa uongozi wa klabu kwa muhula mmoja, na sauti ikatolewa nakala tatu. Saa nane na nusu spika iliwaka. "Wanafunzi, masomo yamekwisha. Tembeeni, msikimbie."

Uwanja mzima uligeuka kutazama getini. Mzee aliinua uso kuitazama spika.

"Haya mama," akasema. "Tumesikia."