Pale Hapana, Alisema Mjomba

Mjomba wangu wa damu alinirudishia fomu bila sahihi, huku mashine ya oksijeni ya mama ikikoroma nyuma yake...

Naitwa Kee. Sisi ni Wanavajo, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, na nyumba yetu haijawahi kufikiwa na waya wa umeme. Mama anapumua kwa mashine. Mashine inaishi kwa jenereta. Jenereta linakunywa petroli kama mlevi.

Serikali ikaleta ruzuku: sola bure. Sharti ni mwenye kibali cha kulisha mifugo kwenye ardhi yetu aridhie mahali pa kusimika paneli. Mwenye kibali ni mjomba Hoskie.

"Mnataka kuziweka wapi?"

"Pale penye mawe mekundu, mjomba. Jua halikosi."

"Pale hapana."

"Kwa hiyo kondoo wako ni bora kuliko dada yako?"

"Mpwa, mdomo wako una petroli nyingi kuliko jenereta lako. Nimesema pale hapana."

Nilimtazama mama. Akageuzia uso ukutani.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Ndugu zangu, niliamka alfajiri, nikaghushi sahihi ya mjomba, nikapeleka fomu ofisini...

Baada ya wiki mbili mafundi wakaja kuchimba penye mawe mekundu. Koleo likagonga ubao. Chini yake, blanketi la mtoto mchanga.

Mkaguzi wa ruzuku akampigia mjomba simu.

"Uliweka sahihi paneli zisimikwe penye mawe mekundu?"

"Sikuweka."

Tukafutwa kwenye orodha. Na muda wa maombi ulishapita.

Nikamfuata mjomba zizini.

"Kwa nini hukuniambia kuna kaburi?"

"Tangu lini sisi Wanavajo tunawataja wafu?"

Akasema chinichini, "Ni kaka yako. Wa kwanza wa mama yako. Nilimzika mimi."

Akatoa karatasi mfukoni. Fomu mpya. Sahihi yake ya kweli, tarehe ya Alhamisi. Mahali: upande wa mashariki wa nyumba.

"Niliileta Ijumaa asubuhi. Nikaambiwa umeshaondoka, na uliporudi muda ulishapita."

Naandika haya nikiwa kwenye foleni ya petroli. Mjomba amesimama nyuma yangu na dumu la pili. Hajanitukana hata mara moja, na hilo ndilo linalonimaliza. Nyumbani lita zilizobaki hazifiki jioni.

Wewe unayesoma, mtu wako akikwambia "pale hapana", meza hasira kwanza. Muulize, "Basi wapi?"

Mimi sikuuliza... na mama anahesabu pumzi.