Chifu Botamba Ana Njaa

"Dola sitini!" Wenceslas aligonga meza. "Miye nikule lituma ya dola sitini? Tumbo yangu iko gunia?"

"Ulikula, papa," akajibu Mama Aïcha, mwenye mgahawa. "Ndizi ya kuponda, na samaki juu yake. Kila siku saa kumi, tangu mabomu ianze. Usinichezee comédie, hapa si jukwaani."

"Tangu mabomu ianze nilijificha kwa dada yangu ng'ambo, Lubunga! Leo ndiyo siku ya kwanza navuka mto."

Sauti ya Aïcha ikashuka. "Alors, ule mwenye kukaa pale dirishani ni nani? Sura iko yako. Ila hanawi."

Wenceslas akaigeukia meza ya dirishani. Hakuwa mtu wa kukana deni. Miaka thelathini ya uigizaji wake alikula hapo, ukuta kwa ukuta na ukumbi wa maigizo, mtaani Makiso, na asipokuwa na kitu alisema waziwazi kwamba hana. Aliikumbuka meza ile ya dirishani, waigizaji wakiigombania, wengine bado machozi ya mchezo hayajakauka. Alilikumbuka pia sharti la babu yake Aïcha, mwanzilishi wa mgahawa: mwigizaji anawe rangi bombani, mlangoni ataje jina alilopewa na mama yake, ndipo apakuliwe. Mtu wa mchezoni halishwi.

Na siku ile vita vilipoingia mjini alikuwa akicheza Chifu Botamba, mfu anayerudi kudai kaburi, uso wote udongo mweupe. Bomu la kwanza lilianguka kabla chifu hajazikwa. Watu wakakimbilia mgahawani. Aïcha, kwa mazoea tu, akauliza, "Nani anaingia?" Naye, ili awachekeshe waliokuwa wakitetemeka, akajibu kwa sauti ya kaburini: "Chifu Botamba. Nina njaa." Wakacheka. Akamaliza sahani nzima, udongo usoni.

"Ni miye nilimwalika," alinong'ona sasa.

"Na ni miye nilimupakulia," Aïcha akasema. "Mwalimu Zuberi wa msikiti alikuja jana kusoma kisomo. Alisema ule si weye, ni kitu inangoja mchezo iishe; miye sikumuamini. Mwenye kuianza aimalize, la sivyo kila sahani itamunyang'anya kitu mwenye sura yake."

Wenceslas akajigusa shavu. Asubuhi ile dada yake alimtazama akauliza, "Weye ni nani?" Yeye akadhani ni utani.

"Papa," Aïcha akamshika mkono. "Unasikia harufu?"

Ilikuwa harufu ya matope ya mto, nzito, ikipanda polepole juu ya harufu ya mawese, na pamoja nayo miguu mitupu ikaburuzika uani, ikapita bomba bila kusimama, ikaingia bila kuulizwa jina, na mtu akaketi dirishani, udongo wa uso wake ukiwa bado mbichi na unang'aa kama umepakwa sasa hivi, na chini ya udongo ule Wenceslas akaiona mikunjo yake mwenyewe, kovu lake la jicho la kushoto, na ule mdomo wake uliopinda kidogo ambao wanawake wa mji mzima walikuwa wakiujua.

Wenceslas akasimama. Akaanza onyesho la maziko. Miaka thelathini ya jukwaa ikambeba, akamwita mchimba kaburi, akamlilia marehemu, akamwaga udongo usiokuwepo, mpaka akafika neno la mwisho: "Chifu amepata kaburi lake. Rudini majumbani."

Aïcha akapiga makofi, peke yake, huku analia.

Mtu wa dirishani akasukuma sahani pembeni. Siku zote hizo hakuwa ametamka neno. Sasa akafungua kinywa, na iliyotoka ilikuwa sauti ya Wenceslas, ile nzuri, ya kufika viti vya nyuma kabisa. Wenceslas akajaribu kumjibu. Koo lake halikutoa hata mlio.

"Kaburi nimeliona," mtu yule akasema, akimkagua Wenceslas kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwili uko wapi? Leta."