Kijani kwa Jua, Jekundu kwa Koroboi

Hiyo ilikuwa safari yangu ya nne kwenda Garsen katika juma moja. Jiwe lile lile, njia ile ile, gesti ile ile. Na dalali yule yule.

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu kuzama nilipokutana na Qabale, muuza maziwa wa Kiorma, akirudi kwake na vibuyu vitupu.

"Mwalimu bila shule!" aliniita. "Leo tena? Huyo mwanamume wa gesti atakuoa lini?"

"Ana mke Voi, Qabale. Nina shughuli naye."

"Shughuli gani ya jioni?" Alicheka. Kisha akanusa hewa, akaacha kucheka. "Unanuka matope, Safiya. Umeanguka mtoni?"

Sikuwa nimeukaribia mto kwa siku tatu.

Mwalimu nilikuwa kweli, wa cheti. Nilihitimu chuo mwaka mmoja kabla ya mafuriko ya El Nino, nikarudi kijijini kungoja barua ya ajira. Barua haikuja. Yalikuja maji. Na pamoja na maji wakaja mamba... mpaka mashambani, mpaka milangoni. Mmoja alimchukua Bilal, mdogo wangu, alipokwenda kumchotea mama maji.

Askari wa wanyama walimuua mamba huyo miezi miwili baadaye. Mjomba Buya ndiye aliyempasua. Tumboni mlikuwa na bizimu ya mkanda wa Bilal, na mawe, maana mamba humeza mawe. Kijijini kwetu, aliyeliwa na mamba huzikwa kwa kile kilichopatikana tumboni. Chote. Hata kijiwe, kwa kuwa hujui kipi kimelala na mtu. Mjomba alivitandaza vyote juu ya sanda, akaenda kuleta maji ya kuviosha. Aliporudi, mawe yalikuwa saba.

Yalikuwa manane.

Lile la nane lilikuwa sawa na haragwe, kijani angavu chini ya jua. Usiku ule nililifungua kando ya koroboi, nikalikuta jekundu. Jekundu tupu, kama kaa la moto.

Tangu mazishi, kila magharibi mama alichukua taa ya chemni msumarini, akashuka ukingoni, akasimama kumulika maji. "Bilal hajalala," alisema. "Amefumba jicho moja tu." Habari za jiwe hakuzijua. Hakuna aliyezijua. Nami nikawaza: nitaliuza, nimhamishie Malindi, mbali na mto huu, kabla haujamchukua naye. Hilo tu. Sikutaka kingine.

Lakini jaribu kumuuzia kitu Kassim, dalali wa mawe!

Mara ya kwanza nilikwenda adhuhuri. "Kijani," alisema, "kama chupa ya soda." Mara ya pili nilikwenda taa zikiwaka. "Jekundu. Hizi ganeti, vijiwe vya bei ya bure, kwetu Voi tunafukia mashimo nazo." Nikamwambia ni lile lile. Akafura. "Binti, umeniletea mawe mawili, wataka kuniuzia uongo mmoja?" Mara ya tatu mvua ilinyesha, jua halikuonekana, na yeye hakutaka hata kukifungua kitambaa. Nilirudi nyumbani nikiteleza na kulia kwa hasira.

Kwa safari hii ya nne alikuwa ameniwekea sharti. Jua liwe bado dirishani, koroboi iwe tayari mezani, na jiwe lisitoke kiganjani mwake. Kesho yake angeondoka na basi la asubuhi.

"Lete," alisema nilipopiga hodi.

Alisimama dirishani. Jicho la kushoto alilifumba. La kulia akalibandika kwenye lenzi yake ndogo, kama alivyofanya siku zote. Jua la mwisho likapita ndani ya jiwe.

Kijani.

Akaligeuza taratibu. Kwa ubavu likawa kahawia, rangi ya mto Tana wenyewe.

"Lina rangi ya tatu," alinong'ona. "Linyooshe, kijani. Lilaze, kahawia. Ona..."

"Lina thamani, Bwana Kassim?"

"Thamani haiko kwenye kijani, wala kwenye wekundu. Iko katikati, pale linapogeuka. Mengi hugeuka nusu, yakabaki na rangi ya majivu. Hayo ni ya kuchezea bao. Lakini likigeuka lote, bila doa, bila ufa, na ukubwa huu... mwalimu, utajenga nyumba ya mawe." Alilamba midomo. "Funga dirisha. Taa isishindane na jua."

Mbao za dirisha zilikuwa zimevimba tangu mafuriko. Nilimpa mgongo, nikasukuma. Nikasukuma tena. Nyuma yangu kiberiti kikawaka.

Kisha nikasikia kitu kingine. Kitu kizito... kikivutwa polepole juu ya matope.

Harufu ikanijia puani. Tope bichi. Na kitu kilichooza ndani ya tope.

Nikageuka. Kassim alikuwa ameketi, jiwe kiganjani. Chini ya koroboi jiwe lilikuwa jekundu.

"Lilibadilika kabla sijaleta taa," alisema.

"Haiwezekani. Mwanga ndio unaolibadilisha."

"Nimesema lilibadilika kabla!" Jasho lilimtiririka. "Limetoka wapi hili?"

"Mtoni."

"Mtoni wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kutembea, kusihi, kuitwa mwongo. "Tumboni," nikasema. "Tumboni mwa mamba aliyemla ndugu yangu."

Alilifunga haraka ndani ya kipande cha gazeti, akalisukuma mezani.

"Lichukue. Sinunui kinachonitazama."

"Safari nne, Bwana Kassim! Safari nne umenitembeza!"

"Lichukue, binti. Na mlango uufunge."

Nilitoka nikiuma meno. Nje kiza kilikuwa kimeanza kushuka. Nikakumbuka ni saa ya mama. Saa hii ameshaishusha taa msumarini. Saa hii ameshaiwasha.

Kabla sijaleta taa...

Nikaanza kukimbia.

Kila mtoto wa mto wetu hufundishwa kuwahesabu mamba: mulika maji, hesabu macho, gawanya kwa mbili. Mchana jicho la mamba ni kijani kama jani bichi. Ukilimulika gizani, huwa kaa. Nililijua hilo tangu sijajua kusoma. Jiwe nilikuwa nalo majuma mangapi, na sikuwahi kuyaweka mawazo hayo mawili pamoja: lile lilikuwa jicho, na kama liligeuka kabla ya taa ya Kassim, basi ni taa ya mama iliyolimulika.

Mama alikuwa majini. Maji yalimfika magotini. Taa ameinua juu, anazungumza kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto alale.

Mbele yake, hatua sita, palikuwa na kaa la moto juu ya maji.

Moja.

Moja haligawanyiki kwa mbili.

Lilisogea. Halikupiga hata wimbi. Nikajitupa majini, nikaipuliza taa, nikamkumbatia mama kiunoni, nikamvuta. Gizani, pale tulipokuwa tumesimama, maji yalifunga kwa mlio mdogo... kama mdomo.

"Umenizimia taa," mama alininong'oneza. "Sasa atajuaje nimesimama wapi?"

Asubuhi nilimweleza Mjomba Buya kila kitu. Hakunipiga. Alitema mate tu.

"Na mimi nikasema uzee umenipata," alisema. "Nimehesabu manane, nikarudi nikahesabu saba. Kumbe chuo kilikufundisha kutoa."

Alichukua jembe, tukaenda kaburini. Akafukua kina cha mkono. Nikalifungua gazeti chini ya jua la saa tatu.

Jiwe lilikuwa jekundu.

"Ulisema mchana huwa kijani," mjomba alisema.

Nikalinyoosha. Jekundu. Nikalilaza. Jekundu. Hapakuwa na kijani, hapakuwa na kahawia. Lilikuwa ganeti. Ganeti ya kufukia mashimo.

Kwa koroboi, jiwe langu na takataka ya Voi havina tofauti. Kassim alilijua hilo. Dirisha. Mgongo wangu, na mawe mawili yakabadilishana nafasi. Jasho lile lote, kelele zile zote, na mimi, mwalimu mwenye cheti, nikafungashwa na kusindikizwa mlangoni.

Nilifika gesti sina pumzi. Farah, mwenye gesti, alikuwa barazani amefura kuliko mimi.

"Dalali wako ni mwenda wazimu! Kondakta wa basi amekuja kumgongea, hayupo. Mkoba upo, viatu vipo!"

"Amekwenda wapi?"

"Mtoni. Alitoka jua limeshachomoza, na koroboi yangu mkononi, inawaka! Namwita: Kassim, wamulika nini mchana? Hageuki. Mkono mwingine ameukunja hivi, kama ameshika kitu." Farah alikunja ngumi. "Koroboi wameikuta ukingoni, imesimama wima, bado inawaka. Yeye hawajamwona."

Niliingia chumbani. Lenzi ilikuwa mezani. Dirisha lilikuwa wazi, hewa inapita, lakini chumba kizima kilinuka tope.

Nyumbani nilimkuta mama anakula. Taa ilikuwa juu ya msumari, chemni imeoshwa.

"Amepata jicho lake," aliniambia, bila kuulizwa. "Amelala."

Tangu siku hiyo hajashuka mtoni. Yeye, angalau, amepona. Mjomba Buya anasema Kassim alipita njia nyingine mpaka Mombasa, na saa hii anakula nyumba yangu ya mawe. Natamani iwe hivyo. Walahi, natamani niwe nimeibiwa tu. Barua ya ajira haijaja, Malindi hatujahama, na ganeti ile ningali nayo, haina kazi yoyote.

Sasa mimi ndiye ninayeishusha taa kila magharibi. Nasimama juu kabisa ya ukingo, mbali na maji. Namulika. Nahesabu macho. Siku ya kwanza yalikuwa mawili, yamekaa pamoja, yametulia. Nilimshukuru Mungu.

Jana nilihesabu mara nne, kama nilivyofundishwa kuhakiki jibu. Mawili yalikuwa pamoja. Lingine lilikuwa kando ya hayo, pekee, halipepesi, limekodoa kama limebandikwa kwenye lenzi.

Matatu.