Mama Aliapa Kwamba Mume Wangu Hakulala Kwake

"Huyu mkwe wangu? Hajawahi kulala kwangu. Hata siku moja!"

Ni mama yangu mzazi anasema hivyo, Biblia mkononi, ndani ya korti ya Migori, mwaka wa tisini na sita.

Na mimi nimetoka kuapa kwa Biblia hiyo hiyo kwamba alilala!

Jamani!

Mume wangu Gisiri alishtakiwa kuiba ng'ombe wanne. Watu wawili walisema walimtambua kwa koti. Lakini usiku huo alikuwa kwa mama. Nilijifungulia huko, akaja kuona mtoto, mvua ikajaza mto, akakwama.

Sasa sisi Wakuria mnatujua. Mkwe kulala nyumba moja na mama mkwe? Heri ufe!

Ndiyo maana polisi walipomuuliza alikuwa wapi, alisema, "Kwangu."

Wakili hatukuwa naye. Hakimu akamwambia, "Una kesi ya kujibu. Unaweza kuapa ujitetee, useme bila kuapa, ama unyamaze. Mashahidi pia unaweza kuita."

"Nitanyamaza, mheshimiwa."

Nikaruka kutoka kwa benchi. "Shahidi ni mimi!"

Gisiri akaniangalia... akainamisha kichwa. "Sawa. Aseme."

Nikasema yote. Mwendesha mashtaka akacheka. "Mke naye angesema nini? Nani mwingine alimwona huko?"

"Mama yangu! Ako hapo nje!"

Ni mimi nilimtaja, wasomaji. Ni mimi.

Mama alipomaliza, hakimu hata hakukawia kuandika. "Mke anasema hivi, mama yake anasema vile. Mshtakiwa mwenyewe aliambia polisi alikuwa kwake. Huu utetezi umetungwa."

Miaka saba!

Nikamshika mama kwa leso pale nje. "Umeniulia mume kwa nini?"

"Bhoke, ni yeye alinitumia neno kutoka rumande! Eti, 'Mama asiaibike kwa ajili yangu. Wanaoshtaki ndio wa kuthibitisha, na hawataweza.' Wewe nani alikutuma unitaje?"

Nikaiachilia leso.

Karani akaniambia rufaa ni ndani ya siku kumi na nne. Nikampelekea Gisiri karatasi gerezani.

"Weka sahihi, baba. Mama amekubali kusema ukweli."

"Aseme aliapa uongo? Si watamfunga na yeye?"

"Na wewe je?"

"Mimi nishafungwa, Bhoke. Nani atakushikia mtoto ukienda kulima?"

Akanirudishia karatasi. Siku kumi na nne zikaisha hivyo tu, nikipalilia mahindi.

Dada zangu, mtu wenu akishikwa, aseme alikokuwa siku ile ile, pale pale kituoni, hata kama ni aibu tupu. Na kabla hujamtaja mtu kortini, kaa naye chini umsikie kwanza.

Mimi nilitembea na mama kutoka nyumbani mpaka korti, njia yote tukiongea habari ya meno ya mtoto.