Mafuta Yasiyonukia

Mafuta yalikuwa yamechemka sawasawa, vimandazi vinaelea na kubadilika rangi, lakini jiko zima la shule halikuwa na harufu yoyote. Ajar, mpishi, aliinamisha uso juu ya sufuria mpaka mvuke ukamlowesha nyusi. Akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akamwita Mwalimu Burulcha, aliyekuwa akipita mlangoni na kamba za mahema begani.

"Mwalimu, hebu njoo unuse hapa. Pua yangu imekufa au vipi?"

Burulcha akanusa. Akachukua kimandazi kimoja, akakipasua na kukisogeza puani. Hakikuwa na tofauti na jiwe la mtoni.

"Labda mafuta yamekaa sana," alisema.

"Yangekaa sana si yangenuka zaidi, dada yangu? Nimeyafungua leo asubuhi. Mafuta ya pamba haya, yale yanayowafanya majirani wajialike wenyewe." Ajar akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Leo Alhamisi, Mwalimu. Kuna mtu ameila harufu."

"Ajar, nina watoto wa kuwapeleka msituni keshokutwa. Usinianzie."

"Mimi sijaanza kitu. Kilichoanza kimeanza chenyewe."

Kwetu hata mtoto mdogo anajua maana ya maneno hayo. Walio hai hula chakula, waliokufa hula harufu. Ndiyo sababu Alhamisi jioni kijiji chetu chote hunukia mafuta: mama wa nyumba hukaanga vimandazi vichache, hutaja majina ya marehemu wake, huomba dua, nao marehemu hushiba na kurudi walikotoka. Nyumba moja tu ilikuwa hainukii, nayo ilikuwa ya Burulcha.

Binti yake, Begayim, alifariki vuli ya mwaka juzi, siku moja kabla ya safari kama hiyo hiyo. Alikuwa amefunga begi lake jekundu mapema kuliko watoto wote, na alilala amelikumbatia. Asubuhi alikohoa. Mchana homa ikapanda, mapafu yakajaa, na kabla jua halijazama mtoto hakuwepo tena. Safari ikavunjwa. Nguo zake Burulcha alizigawa kama desturi inavyotaka, kwa wanawake waliomwosha na kwa rafiki zake, lakini begi alilificha chini ya magodoro mpaka waombolezaji walipoondoka, kisha akalirudisha kwenye msumari nyuma ya mlango, likiwa bado limefungwa. Hakulifungua hata siku moja. Ndani kulikuwa na sweta la Begayim, lile alilokuwa halivui, na Burulcha aliogopa kwamba akilifungua begi, harufu ya mwanawe itatoka na kupotea.

Na mafuta hakukaanga. Kukaanga kungemlazimu kulitaja jina la mwanawe pamoja na ya mababu, na kinywa chake kilikataa kabisa. Mumewe, aliyeko Urusi akijenga majumba ya watu, alimsihi kwa simu. Majirani walimsihi. Akawajibu kwamba yeye ni mwalimu wa baiolojia na mambo ya harufu hayamhusu. Sisi tuliomfahamu tulijua kwamba baiolojia haikuhusika hata kidogo.

Mchana huo alikagua mizigo. Watoto walipanga mabegi yao sakafuni, kila mmoja amesimama nyuma ya lake. Bakyt, mchekeshaji wa darasa, alikuwa amefunga mto, redio ya babu yake na kuku mzima wa kuchemsha.

"Bakyt, unakwenda kulala usiku mmoja au unahama?"

"Mwalimu, mama anasema mlimani kuna baridi."

"Kwa hiyo kuku ndiye atakayekufunika?"

Darasa likavunjika mbavu. Burulcha mwenyewe akatabasamu, jambo ambalo halikuonekana mara nyingi siku hizo.

"Haya, hema tunalisimamisha wapi?"

"Mahali pa wazi!"

"Na chini ya mjozi?"

"Hapanaaa!"

"Kwa nini?"

"Wewe ulisema kichwa kitauma," akajibu Bakyt. "Bibi yangu anasema ukilala chini ya mjozi, anayeamka asubuhi si wewe."

Wakacheka tena. Burulcha akaendelea kukagua. Tochi, koti la mvua, soksi za sufu, kikombe. Watoto wote walikuwa na vidole vyeusi kwa kumenya jozi mbichi, kokwa za mijozi ya msitu wetu, maana yalikuwa majira yake, na vidole hivyo vyeusi vilimwonyesha kila kitu kwa fahari. Mwisho wa mstari, karibu na dirisha, kulikuwa na begi ambalo halikuwa na mtu nyuma yake. Lilikuwa jekundu. Kwenye zipu kulikuwa na uzi wa kijani ambao Burulcha aliufunga mwenyewe, vuli ya mwaka juzi.

Aliuliza kwa sauti ambayo watoto hawakuizoea, "Nani ameleta hili?"

Zuura akainua mkono. Alikuwa msichana mpole, aliyekaa dawati moja na Begayim tangu darasa la kwanza, na ambaye tangu msiba ule alikuwa anakaa peke yake.

"Amelileta mwenyewe, Mwalimu. Anasema safari hii hakosi."

"Nani, Zuura?"

"Begayim. Tulikuwa wote jikoni asubuhi." Mtoto alisema bila woga, kama anayetaja aliyetoka kunywa maji. "Alikuwa na njaa sana. Nikamwambia akipenda ale na changu."

Hakuna aliyecheka. Burulcha alimgusa Zuura shavuni, akakuta baridi, baridi ya bomba la chuma wakati wa alfajiri.

Alilibeba begi hadi nyumbani, akalitundika pale pale. Msumari ulikuwa mtupu, kama alivyojua utakuwa. Giza lilipoanza kuingia, kabla hajawasha taa, akasikia sauti nyuma ya mlango. Ilikuwa sauti ndogo, yenye mafua kidogo, kama ilivyokuwa asubuhi ile ya mwisho.

"Mama, soksi za sufu nimeweka?"

Alitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari imegeukia nje, lakini moyo wa mama haukugeuka pamoja na miguu, ukabaki pale pale umeelekea mlango, na kwa muda mrefu alisimama hivyo katikati ya chumba, nusu yake imekufa kwa hofu na nusu yake imejaa furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu mwanawe azikwe, mpaka furaha ikaishinda hofu, naye akasikia kinywa chake kikijibu, kwa upole, kama mama yeyote anayejibu mtoto jioni yoyote:

"Umeweka, mwanangu. Nilikuona."

"Na Zuura tutalala naye hema moja?"

"Mtalala naye."

Hilo ndilo neno alilolijutia baadaye kuliko yote.

Kesho yake Zuura hakuja shule. Ajar ndiye aliyeleta habari, huku akifuta machozi kwa kona ya aproni. Burulcha akakimbia kwa akina Zuura bila hata kuvaa koti. Mtoto alikuwa amelala chini ya mablanketi, macho wazi, midomo ya buluu, akitabasamu kuelekea upande wa ukuta, na mama yake amemshika miguu kana kwamba kuna mtu anayemvuta kwa upande wa pili.

"Mnuse," alinong'ona yule mama. "Nakuomba, Mwalimu, mnuse mwanangu."

Burulcha akainama kwenye nywele za mtoto. Hakukuwa na kitu.

"Nimemwogesha kwa sabuni, hanukii sabuni. Nimempaka mafuta ya kondoo, hanuki mafuta. Hata jasho lake halina harufu. Anasema kesho anaondoka na Begayim." Akamgeukia Burulcha. "Kwa nini mwanao anamtaka wangu? Walikuwa wanapendana."

Burulcha alipiga magoti pale pale, akaona aibu hata ya kulia.

Wakamwita Mzee Osmon. Huyu alifundisha hesabu shuleni petu mpaka akastaafu, kisha akageukia kufukuza majini, na watu walisema majini yalimwogopa kwa sababu ile ile waliyomwogopea wanafunzi. Alikuja na mjeledi wake na tawi la mreteni, mti wa kufukizia wenye harufu kali. Akawasha mreteni, akamzungushia mtoto moshi. Moshi ulionekana kwa macho, mzito na mweupe, lakini nao haukunuka. Mzee akasimama ghafla. Hatukuwahi kumwona akisita.

"Wewe uliyemo," alisema, "jina lako nani?"

Zuura akafumbua kinywa, na iliyotoka haikuwa sauti yake.

"Begayim."

"Muongo. Nilimfundisha Begayim kujumlisha. Begayim yuko kwa Mola wake."

"Mama," ikasema ile sauti, "mwambie Mwalimu Osmon mimi ni nani."

Wote wakamgeukia Burulcha. Mzee akamshika mkono na kumtoa uani.

"Sikiliza, binti yangu. Hiki ni kitu cha mijozini, kinatangatanga na njaa, hakina jina. Kimekuta jina limeachwa bila mwenyewe. Hujamtaja mwanao na wafu, na kwa walio hai hayupo. Begi lake lipo tayari, limefungwa. Kimelivaa jina kama mtu anavyovaa koti la mwingine. Mjeledi wangu hauwezi kumpiga mwenye jina, na jina umempa wewe."

"Kinajua soksi alizofunga. Kina mafua yake."

"Kimekaa kwenye begi lake muda wote huo. Ulitegemea kisijue?"

"Na kama ni yeye kweli, mwalimu wangu?" Burulcha aliuliza. "Kama ni yeye, nami namfukuza?"

"Ikiwa ni yeye, basi ana njaa mwaka wa pili sasa, na hujamlisha. Kwa vyovyote vile, washa jiko. Harufu ya huyu mtoto ikiisha yote, hatabaki na cha kumfunga duniani."

Waliandamana wote hadi kwa Burulcha, mama yake Zuura amembeba mwanawe mgongoni. Ajar akamimina mafuta, akawasha moto, akasimama kando, maana kazi hii haifanyiwi mtu. Burulcha akalishusha begi msumarini na kuliweka mezani. Alipofungua zipu, sauti ikaanza kulia.

"Mama, usitoe. Nimepanga mwenyewe."

Akatoa tochi.

"Mama, kutakuwa na giza."

Akatoa kikombe, akatoa koti la mvua, na kila alichokitoa sauti ilikilalamikia, si kwa hasira, ingekuwa nafuu kama ingekuwa kwa hasira, bali kwa kubembeleza, kwa maneno yale yale Begayim aliyokuwa akiyatumia alipotaka kuongezewa muda wa kucheza, na machozi ya Burulcha yalidondokea ndani ya begi huku mikono ikiendelea kufanya kazi kama si mikono yake, mpaka akazifikia soksi za sufu, alizozifuma mwenyewe, na hapo sauti ikasema polepole sana, "Mama, nitakwendaje bila soksi?" na Ajar akaziba masikio, na Mzee Osmon, aliyekwishayaona mengi, akageuka kutazama ukuta.

"Huendi, mwanangu," alisema Burulcha. "Ulishakwenda."

Akachukua unga uliokandwa, akautumbukiza kwenye mafuta. Akataja bibi yake, akataja babu yake, akataja baba mkwe. Mafuta yalikuwa yanatokota bila harufu. Mgongoni kwa mama yake, kichwa cha Zuura kilikuwa kimelala upande.

"Na Begayim," alisema Burulcha. "Binti yangu, aliyekufa. Ee Mola, harufu hii imfikie."

Ilikuja kwa mkupuo. Harufu ya mafuta ikajaa jikoni, ikatoka dirishani, ikafuatwa na ya mreteni, ya sabuni, ya kondoo, ya jasho la watu waliokuwa wamesimama na hofu. Kitu kikapita mlangoni kikaacha pazia linacheza. Zuura akakohoa, akainua kichwa, akauliza kama vimandazi vile ni vya wageni tu au na yeye atapata. Mama yake alicheka na kulia kwa pamoja, akampa sahani nzima.

Burulcha hakula. Alirudi kwenye begi, akatoa kitu cha mwisho, sweta. Akalishika kwa mikono miwili, akauzika uso ndani yake, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Halikuwa na harufu. Kile kitu kilianza kula hapo, kabla ya vyote.

Safari ikafanyika wiki iliyofuata. Zuura alikwenda na soksi zile na sweta lile, maana vitu vya marehemu ni vya rafiki zake. Watoto walilala mahali pa wazi, wakahesabu nyota, wakamla kuku wa Bakyt. Waliporudi, Zuura alipitia kwa mwalimu wake kulirudisha sweta. Burulcha akalinusa. Lilinuka moto wa kuni, majani ya mjozi na jasho la mtoto. Mtoto mwingine. Akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Lako hilo, mwanangu. Litakutosha mpaka majira ya baridi."

Tangu hapo nyumba yake inanukia kila Alhamisi kama zetu. Ajar humsaidia mara nyingine, na ndiye aliyeniambia hili. Kabla hajataja jina lolote, Burulcha huinama kwanza juu ya sufuria na kunusa, kwa hofu. Mafuta hunukia. Naye husema Alhamdulillahi, kisha hukaa kitini na kulia, kwa sababu hata sasa ipo nusu yake inayoomba yasinukie.